Igizo la dakika 40 kuhusu ndugu wa Ramayana au Mahabharata: tuchukue kisa kipi?

Ngamiani_Jukwaani:

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Kikundi cha vijana hapa Ngamiani kinaandaa igizo la Kiswahili la dakika 40, la uwanjani, huenda viwanja vya Tangamano. Waigizaji 9: wanaume watano, wanawake wanne. Mada ni udugu, na tumekubaliana kisa kitoke katika masimulizi ya kale ya Wahindi. Majirani wa Kihindi tunao mjini hapa tangu enzi za babu zetu, lakini visa vyao wengi tunavijua kwa vipandevipande vya televisheni.

Naomba msaada kwa mambo haya: kisa kipi kinaingia ndani ya dakika hizo bila kukatwa kichwa na miguu, makosa gani hufanywa na wanaoviigiza, na tahadhari, kwa sababu kwa wenyewe vitabu hivi ni vya dini, ilhali watazamaji wetu wengi ni Waislamu. Tumetajiwa kisa cha viatu kuwekwa juu ya kiti cha enzi. Sitaki mzazi aje kusema tunawafundisha watoto kusujudia viatu.

MsomaKale:

Hicho hicho cha viatu ndicho ningechukua. Kiko kitabu cha pili cha Ramayana, Ayodhya Kanda. Msithubutu Ramayana nzima: ni vitabu saba na beti zipatazo 24,000, na anayejaribu kuibana yote kwa saa moja huishia na msimulizi mmoja anayesema na waigizaji wanaopita tu.

Mfalme Dasharatha wa Ayodhya ana wake watatu na watoto wa kiume wanne. Rama ni wa Kausalya, bi mkubwa. Bharata ni wa Kaikeyi, kipenzi cha mzee. Lakshmana na Shatrughna ni pacha wa Sumitra. Nyumba ya mitala hiyo, hadhira ya Tanga haina haja ya kufafanuliwa. Rama akiwa anajiandaa kutawazwa, Kaikeyi anadai ahadi mbili alizopewa na mumewe zamani alipomwokoa vitani: Bharata ndiye atawazwe, na Rama apelekwe msituni miaka 14. Bharata mwenyewe hana habari. Yuko kwa mjomba wake Yudhajit, nchi ya Kekaya, pamoja na Shatrughna. Anarudi na kukuta baba kafa, kaka kaondoka na mkewe Sita na Lakshmana, na kiti kinamngoja yeye.

Sasa kuna jambo ambalo waigizaji wengi hulikosa. Humwonyesha Bharata kama mtu mwema anayekataa mali ya wizi. Sivyo. Kwa maandishi ya Valmiki, mtunzi wa Ramayana, Bharata ana haki ya ufalme ule kwa njia mbili. Ya kwanza ni ahadi ya vitani. Ya pili anaitaja Rama mwenyewe kule msituni wanapobishana: baba yao alipomposa Kaikeyi, alimwahidi mkwewe kwamba ufalme ndio utakuwa mahari. Yaani kaka mkubwa ndiye anayemtetea mdogo kisheria, na mdogo ndiye anayekataa haki yake. Mkiuacha mstari wa mahari, mabishano yao yatakuwa ya adabu tu, tangulia wewe, la tangulia wewe, na watu wataanza kutazama simu. Mkiuweka, hadhira itagawanyika, wengine kwa Rama, wengine kwa Bharata, na mtasikia minong'ono.

Dakika ningezigawa hivi. Kaikeyi na Manthara, 6. Manthara ni mjakazi mwenye kibyongo aliyetoka na Kaikeyi kwao. Anapanda juu, anaona mji unapambwa, anashuka kumtia bibi yake maneno. Angalieni sana hapa: Kaikeyi akisikia Rama anatawazwa, kwanza anafurahi kwelikweli, anampa Manthara kito kwa kuleta habari njema, na Manthara anakitupa. Kaikeyi akiingia jukwaani tayari ana sura ya ukatili, kisa kimeshaharibika dakika ya kwanza, maana hakuna kitakachobadilika. Onyesho liishie pale anapovua mapambo yake na kulala chini sakafuni kumsubiri mfalme. Dasharatha msimwonyeshe, mlango tu unafunguliwa. Mnaokoa mwigizaji mmoja na dakika kumi za kilio.

Bharata anarudi, 8. Anauliza baba yuko wapi, na mama anamjibu kwa fahari, akidhani anamkabidhi zawadi. Mama huyo lazima aamini kwamba amemtendea mwanawe wema mkubwa, ndipo hasira ya mwanawe itakapomkata. Shatrughna anamburura Manthara. Bharata anamzuia kwa kumwambia kwamba Rama akisikia wamemwua mwanamke yule, hatasema nao tena.

Guha, mkuu wa Wanishada kando ya mto Ganga, 4 zinatosha. Anamshuku Bharata kwa sababu ya jeshi lililomfuata, kisha anamwonyesha matandiko ya nyasi alipolala Rama. Halafu Chitrakuta, mlima wa msituni anakokaa Rama, 15, na Nandigrama, viatu vinapowekwa kitini, 5. Mbili zinabaki za kuingia na kutoka.

Chitrakuta ndiyo moyo wake, na inaanza na kicheko. Lakshmana anapanda mtini, anaona vumbi na bendera, anapiga kelele kwamba Bharata amekuja kuwaua, leo namwua mimi kwanza. (Faida yake kwenu: jeshi lote linaonekana machoni mwa mtu mmoja aliye juu ya ngazi.) Rama anamjibu taratibu: kama ni ufalme unautaka, nitamwambia Bharata akupe wewe, naye atasema ndiyo. Lakshmana ananywea kwa aibu. Acheni watu wacheke hapo, kwa sababu dakika moja baadaye Rama anaambiwa baba yake amekufa.

Na idadi yenu inakaa vizuri: Rama, Lakshmana, Bharata, Shatrughna, Guha, Kaikeyi, Manthara, Kausalya, Sita. Kausalya hajachomekwa Chitrakuta kwa kutafutiwa kazi, malkia walikwenda kweli na msafara ule. Mwalimu wa ukoo Vasishtha na Jabali mkateni. Maneno ya Vasishtha mawili matatu yaliyo ya lazima mpeni Kausalya.

Kaole_Mashariki:

Niko Bagamoyo. Napingana na mkuu hapo juu, si kwa kisa, kwa uwanja. Uwanja wa wazi hautaki mabishano ya robo saa ya watu waliokaa. Upepo wa bahari ukianza alasiri, sauti ya Rama inaishia mstari wa tatu. Kwenye uwanja wekeni kitu kinachoonekana na kinachoishirikisha hadhira: Ziwa la Yaksha (namna ya jini mlinzi), mwisho wa Vana Parva, kitabu cha tatu kati ya 18 vya Mahabharata.

Pandava, ndugu watano wana wa mfalme Pandu, wamemaliza miaka 12 ya uhamisho msituni. Paa ameondoka na vijiti vya kupekechea moto vya Brahmini mmoja vikiwa vimenasa kwenye pembe zake. Wanamfukuza, wanampoteza, wana kiu. Yudhishthira anawatuma wadogo zake maji mmoja mmoja. Sauti inawaonya kila mmoja: ziwa ni langu, jibu maswali yangu kwanza. Kila mmoja anakunywa, kila mmoja anaanguka. Mpangilio ni Nakula, Sahadeva, Arjuna, Bhima, na msiubadilishe. Pia wasianguke namna moja, maana mara ya tatu hadhira itakuwa imeshajua. Nakula anapuuza tu kwa kiu. Sahadeva anawaona wa kwanza chini, bado kiu inamshinda. Arjuna anapiga mishale hewani kumtafuta mwenye sauti. Bhima anadhani ni kazi ya mazimwi, anajiambia ngoja ninywe kwanza nipate nguvu za kupigana.

Yudhishthira anafika, anajibu. Na haya maswali, ndugu zangu, ni vitendawili vitupu. Nini kizito kuliko ardhi? Mama. Nini kirefu kuliko mbingu? Baba. Nani hulala macho wazi? Samaki. Nini huzaliwa kisha hakitikisiki? Yai. Nini hakina moyo? Jiwe. Yaksha aseme "Kitendawili!" na uwanja mzima utajibu "Tega!" bila kuombwa. Waachieni watu matatu au manne, zaidi ya hapo igizo linageuka mchezo wa watoto. Kisha lije lile zito: ajabu gani kubwa kuliko zote duniani? Kwamba kila siku watu wanakufa, na waliobaki wanaishi kama watakaodumu. Hilo Yudhishthira alijibu peke yake, kimya kimetanda.

Ndipo Yaksha anamwambia: chagua mmoja afufuke. Hadhira iliyozoea kujibu itapaza sauti, Bhima! Arjuna! Waacheni wapaze. Yudhishthira anamchagua Nakula. Sababu yake: baba yetu Pandu alikuwa na wake wawili, Kunti na Madri. Mimi wa Kunti nipo hai. Wa Madri naye awe na mmoja. Yaksha, ambaye ni mungu Dharma mwenyewe, aliyemzaa Yudhishthira kwa Kunti, anawafufua wote.

Kama mtaniuliza kinachokipa kisa hicho uzito, ni mchezo wa kete uliotangulia, kitabu cha pili. Kule Yudhishthira alipoishiwa mali akaanza kuweka rehani ndugu zake, wa kwanza kumweka alikuwa Nakula, wa pili Sahadeva. Shakuni, anayemchezesha, akamchoma papo hapo: watoto wa Madri umewatoa, Bhima na Arjuna naona wana thamani zaidi kwako. Kwa hiyo kijana aliyetolewa wa kwanza mezani ndiye aliyechaguliwa wa kwanza ziwani. Dakika 12 za kete, 23 za ziwa, 5 za kufufuka na kuondoka. Viungo: nguo ya buluu mita tano, mkeka, kete, pinde.

Na ukitazama vizuri, visa vyote viwili vinasema jambo moja: katika masimulizi haya, ndugu wa mama tofauti ndio wanaofaulu. Wa tumbo moja ndio wanaogeukana. Mtazameni Ravana, mfalme wa Lanka aliyemteka Sita, na mdogo wake Vibhishana.

Pwani_Moja:

Kaole, ziwa umelieleza vizuri, hiyo kanuni ya mwisho haishiki. Ravana alikuwa na kaka wa baba mmoja, mama tofauti: Kubera. Alimfukuza Lanka na kumnyang'anya chombo chake cha kuruka, Pushpaka. Huyo ni ndugu wa kambo, na hakuna aliyefaulu hapo. Upande wa pili, Kumbhakarna ni tumbo moja na Ravana. Alimlaumu hadharani kwa kumteka Sita, kisha akaenda kumfia vitani. Na ndege Sampati alimkinga mdogo wake Jatayu na jua mpaka mabawa yake mwenyewe yakaungua.

Lenye ukweli zaidi ni kwamba Ramayana inapenda kuvuka mstari wa matumbo. Pacha wa Sumitra hawakai pamoja, Lakshmana yuko na Rama, Shatrughna yuko na Bharata. Hata ile payasa ya sadaka, wali wa maziwa walionywa mama zao ili wapate mimba, haikugawanywa sawa: Kausalya nusu, Sumitra robo, Kaikeyi thumuni, na thumuni iliyobaki Dasharatha akafikiri, akamwongeza Sumitra. Na Lakshmana anapoanguka vitani, Rama analia kwamba wake hupatikana kila nchi, na jamaa hupatikana kila nchi, lakini nchi anakopatikana ndugu wa tumbo moja haioni. Anamlilia mtoto wa Sumitra.

Kuhusu Vibhishana, aliyemkimbia kaka yake akaja kambi ya Rama: Sugriva alipinga asipokelewe, kwamba aliyemwacha nduguye shidani atamwacha nani? Rama akamjibu si ndugu wote huwa kama Bharata. Aliyekuwa akipinga, Sugriva, ndiye aliyekuwa amemleta Rama amwue kaka yake mwenyewe Vali kwa mshale wa kuvizia. Rama alikuwa na adabu ya kutomkumbusha.

Ngamiani_Jukwaani:

Shukrani wakuu, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Ziwa limenivutia, ila wanawake wangu wanne watafanya nini? Na Bharata, kuna lile la viatu bado linanisumbua. Halafu Kaole, upepo huo hata Tanga upo.

Dada_Chumbageni:

Kaka, kwa wanawake wanne chukua Bharata, swali limekwisha. Ziwani hakuna mwanamke hata mmoja. Draupadi, mke wa Pandava wote watano, yupo kwenye kete tu, na huko anaburutwa nywele na Duhshasana mbele ya baraza na kuvutwa nguo ili avuliwe. Mbele ya watoto, uwanjani, saa kumi na moja jioni? Ukilikata hilo, umewaonyesha watu mchezo wa kete ambao hasara yake haionekani.

La viatu. Kwanza kosa ambalo karibu kila mtu hufanya: Rama anavua viatu vyake na kumpa mdogo wake. Katika maandishi, Bharata ndiye anayevitoa viatu vilivyopambwa dhahabu, anavitandaza mbele ya kaka yake na kumwomba avikanyage. Rama anapanda juu yake, anashuka, anampa. Kwa hiyo mwigizaji wa Bharata aingie Chitrakuta navyo tayari, vimefungwa kitambaani, na hadhira isijue ni nini. Inakuwa na maana nyingine kabisa: mtu amekuja kuomba kaka arudi, lakini alijua jibu, akajiandaa.

Kuhusu kusujudu: hamhitaji mtu yeyote asujudu. Bharata anavibeba kichwani, halafu Nandigrama, kijiji nje ya Ayodhya, anaviweka kitini na mwavuli wa kifalme unashikwa juu yake. Yeye amevaa magome ya mti, nywele zimesokotana, na kila shauri la nchi analitaja kwanza mbele ya viatu ndipo analitekeleza. Huo ni unaibu. Kiti ni cha Rama, Bharata ni wakili. Muonyesheni Shatrughna akileta shauri la kodi, Bharata analisema kwa sauti akikielekea kiti, kisha anatoa amri. Mzazi yeyote wa Tanga ataelewa anatazama mtu aliyekataa kukikalia kiti cha mwenzake.

Kwa upande wa wenyewe: kwa Wahindu, Rama ni mungu Vishnu aliyezaliwa binadamu, si shujaa wa hadithi tu. Pelekeni maandishi yenu kwa wazee wa hekalu kabla ya mazoezi, si baada ya tangazo kubandikwa. Viatu vikishatolewa na Rama visiwekwe tena chini, vishikwe kwa mikono miwili, visirushwe hata mazoezini mbele ya wageni. Aliyevaa Rama asitoke nyuma ya jukwaa na sigara mdomoni bado ana vazi.

Na ondoeni nyongeza kama mnataka kusema mmefuata Valmiki. Mstari ambao Lakshmana anauchora chini kumlinda Sita haumo. Kisa cha Urmila, mke wa Lakshmana, kulala miaka 14 kwa niaba ya mumewe hakimo, ni masimulizi ya baadaye. Upande wa Mahabharata, Draupadi kuchana sari yake na kumfunga Krishna kidole, ambacho watu hukitaja siku ya Raksha Bandhan, sikukuu ya kaka na dada, ni hivyo hivyo. Vizuri vyote, ila visiwekwe mdomoni mwa Valmiki au Vyasa, mtunzi wa Mahabharata.

Mkitaka siku nyingine kisa cha dada, tafuteni Duhshala, dada pekee wa Kaurava mia, binamu na mahasimu wa Pandava. Mumewe Jayadratha alimteka Draupadi, Pandava wakamkamata, na Yudhishthira akasema asiuawe kwa ajili ya Duhshala. Baadaye Jayadratha alikufa vitani kwa mkono wa Arjuna. Baada ya vita Arjuna anafika nchi ya Sindhu, watu wa huko wanapigana naye, na Duhshala anatoka akiwa amebeba mjukuu wake mchanga. Arjuna anashusha upinde. Watu wanne, dakika kumi na tano, na wanawake wana kazi.

Kaole_Mashariki:

Dada umenishinda kwa idadi, nakubali. Basi upepo. Waigizaji wakae upande upepo unakotoka, hadhira upande unakoelekea, ili sauti ibebwe kwenda kwa watu. Miezi ya kusi maana yake jukwaa liwe kusini mwa watazamaji. Waendeshaji wengi hupanga kwa kufuata jua au geti, halafu wanalaumu spika. Chitrakuta isichezwe kwa kukaa: Rama asimame, Bharata ndiye anayezunguka. Kuna mahali Bharata anatishia kulala chini mbele ya mlango wa kaka yake bila kula mpaka arudi. Hapo alale kweli, maana ni kitendo pekee kikubwa katika robo saa ile na kinaonekana hata nyuma. Rama anamwinua kwa kumwambia kwamba hilo si jambo la mtu wa ukoo wa wapiganaji.

Mwavuli wa Nandigrama msitumie wa kawaida wa mvua, upepo ukiingia chini unapinduka na watu watacheka mahali pasipo pake. Tengenezeni bapa: duara la waya, kitambaa chepesi chenye matundu madogo karibu na katikati, mpini wa mwanzi wa mita mbili, na mshikaji awe Shatrughna mwenye mikono yote miwili huru.

Randa_na_Msumeno:

Nimeona mnazungumzia viatu kana kwamba ni vya kuagiza India. Ni mitalawanda tu. Fundi yeyote wa mbao anakuchongea.

Mbao ya mwembe inatosha, ni rahisi kuchonga na si nzito. Urefu sentimita 28, unene wa nyayo 3, chini mwache visigino viwili vya sentimita 2, mbele na nyuma, ili kisimame na kionekane kikiwa kitini. Msuruaki, kile kijiti cha kushikwa na vidole, uwe wa mti mgumu kama mkwaju, kichwa chake cha mviringo.

Kinachovunjika siku zote ni msuruaki. Watu hutoboa tundu nusu ya unene, wanatia gundi, wanachomeka kwa juu. Mtu mzima akipanda, uzito unakwenda mbele, kijiti kinalala, gundi inaachia. Toboa tundu mpaka chini, pitisha kijiti chote, pasua ncha yake ya chini kidogo kwa patasi na ugongee kabari. Kikishakaza, kata kilichozidi. Tundu liwe sentimita 6 kutoka ncha ya mbele, si katikati. Likirudi nyuma, vidole havifiki na mguu unateleza.

Dhahabu: karatasi ya kung'aa inabanduka kwa jasho. Tumia rangi ya kopo, mikono miwili myembamba, uache ikauke siku nzima kati ya mkono na mkono. Usipake msuruaki wala mahali pa nyayo, rangi inateleza. Pakeni pembeni na visigino, kwani hapo ndipo hadhira inapotazama vikiwa kitini. Chonga jozi mbili.

Na Rama apande akiwa miguu mitupu iliyokauka, sehemu ngumu. Mkiwa juu ya mchanga weka ubao chini ya kitambaa. Ule mlio wa ko! wa mbao juu ya ubao utasikika mpaka barabarani.

Ngamiani_Jukwaani:

Tumekata shauri, Bharata. Nabaki na mawili. Majina: vijana wanamwita Shatrughna kila mtu na lake. Na mwisho: tuishie viatu vikiwa kitini, au tumrudishe Rama? Viatu kitini kunapendeza, ila bibi zetu watauliza "sasa alirudi?"

MsomaKale:

Majina, mfuate yanavyotamkwa na Wahindi wenyewe mjini: Ram, Lakshman, Bharat, Shatrughan, a ya mwisho inaanguka. Ulimi wa Kiswahili unayamudu. Muhimu wote wawe na umbo moja. Msimulizi akisema Rama na Sita akisema Ram, watu watadhani ni wawili. Kaikeyi itamkwe taratibu, silabi zote, kwa sababu jina hilo linatajwa kwa hasira mara nyingi na hasira humeza silabi.

Mwisho, mrudisheni. Bibi zenu wana haki, na onyesho la kurudi lina kitu ambacho viatu kitini havina: shaka. Bharata alikuwa ameapa kwamba miaka 14 ikitimia na siku ile asimwone Rama, ataingia motoni. Rama akiwa njiani anamtuma Hanuman, shujaa nyani, atangulie, na anampa agizo ambalo wengi hulifuta kwa sababu linamchafua kidogo: mtazame Bharata usoni ukimwambia narudi. Ufalme wa mababu humgeuza nani? Kama anautaka, autawale. Yaani baada ya yote yale bado kaka mkubwa anauliza. Usilifute. Dakika moja ya Hanuman kumkazia macho Bharata bila kusema, hadhira nayo inamkazia macho.

Hanuman achezwe na yule wa Guha, ana muda wa kubadilisha. Mkia mwepesi, asichekeshe. Dada Chumbageni atakuwa ameshasema kwa nini.

Ili kupata dakika tatu za kurudi, punguzeni Nandigrama iwe 4 na Bharata na mama yake 6. Pale ndipo vijana hupenda kupiga kelele kuliko inavyohitajika. Kisha Rama anaingia, Bharata anachukua viatu kitini na kumvisha mwenyewe kwa mikono yake. Safari hii vinavaliwa na kutembelewa, kwa hiyo sikilizeni fundi kuhusu kabari. Halafu anatoa hesabu, kama wakili anayekabidhi: hazina, maghala, mji na jeshi, vyote vimeongezeka mara kumi. Mstari huo usemwe kavu, bila ngoma chini yake. Kaikeyi awepo jukwaani akisikia, asipewe neno lolote.

Randa_na_Msumeno:

Kama vitatembelewa, gongeeni mpira wa tairi kuukuu chini ya visigino, milimita 5. Hatua tatu hazina shida. Ngazi asipande navyo.